Kupima vimeng'enya kwa matone machache ya damu: pNA, AMC, FRET au spektrometa ya masi?

Mikrolita 100 za damu ya kidoleni, ukishazizungusha kwenye sentrifuji, hukupa plazima ya mikrolita 40 hivi. Mtoto mchanga, ambaye chembe nyekundu zake ni nyingi zaidi, hutoa pungufu. Ndani ya hizo 40 lazima upate kipimo, marudio yake, na akiba ya kesho endapo majibu yatakutia shaka. Ndiyo maana uamuzi wa lebo ipi (alama inayoonyesha mkato) ifungwe kwenye peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino ambao kimeng'enya hukata) hufanywa kabla kidole hakijachomwa.

Katalogi za wauzaji huanza na unyeti, yaani lebo ipi huonekana ikiwa kidogo zaidi. Kwa damu, unyeti ni swali la tatu. La kwanza ni kimeng'enya kinadai kuona urefu gani wa peptidi kabla hakijakubali kukata. La pili ni mwanga gani ambao damu yenyewe inaumeza. Anayeanza na la tatu hununua peptidi ghali, kisha anaikuta imekaa kisimani (kitundu cha sahani ya kupimia) saa nzima bila kuguswa.

Tuelewane kwa neno moja: peptidi yenye lebo tutaiita chambo. Kimeng'enya kikikata chambo, lebo hubadilika rangi, au huanza kung'aa, au kipande hubadilika uzito. Kasi ya badiliko hilo ndiyo utendaji wa kimeng'enya. Usichanganye na ELISA ya kingamwili, ambayo huhesabu kimeng'enya kipo kiasi gani. Kimeng'enya kinaweza kuwepo tele na kisifanye kazi.

Kwanza, mahali pa mkato

pNA (paranitroanilini, lebo inayogeuka manjano ikikatwa) na AMC (aminometilikumarini, lebo inayong'aa ikikatwa) hukaa mkiani mwa chambo, papo hapo baada ya asidi amino ambayo kimeng'enya hukata. Mbele ya mkato hakuna kitu kingine ila lebo. Kwa thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, hilo si tatizo: huangalia zaidi upande wa nyuma, na peptidi ya asidi amino tatu inayoishia na arginini, kama S-2238, hukatwa upesi. Faktari Xa na kalikreini ya plazima, vimeng'enya vingine vya mfumo wa kuganda, ni hivyo hivyo. DPP4 pia, ambayo huridhika na glisini na prolini tu.

Sasa mchukue ADAMTS13, kimeng'enya kinachokata faktari ya von Willebrand. Upungufu wake mkubwa, chini ya asilimia 10 ya kawaida, ndio alama ya TTP, ugonjwa unaoziba mishipa midogo kwa mabonge ya chembe sahani na kuua wengi wasipotibiwa haraka. Hukata kati ya tirosini 1605 na methionini 1606, lakini hushika pia sehemu zilizo mbali sana mbele ya mkato huo. Chambo kifupi kinachokubalika ni kipande cha asidi amino 73, kutoka 1596 hadi 1668. Ukikata tisa za mwisho tu, kimeng'enya karibu hakikitambui tena. Kwa hiyo hapa hakuna mjadala wa pNA au AMC. Hazifai, na bei yake ndogo haisaidii.

ACE, kimeng'enya cha kudhibiti shinikizo la damu, nayo ina sharti lake: hung'oa asidi amino mbili za mwisho, na mkia wa peptidi lazima uwe huru. Ukiufunga kwa lebo umeufunga mlango. MMP, vimeng'enya vinavyokata protini za tishu, huhitaji asidi amino pande zote mbili. Makundi haya yote yanakupeleka kwenye FRET (kinachong'aa na kizimamwanga kwenye peptidi moja) au spektrometa ya masi (mashine inayopima uzito wa molekuli).

Pili, damu inameza mwanga

Hemoglobini ina kilele chake kikali kwenye nanomita 415. pNA husomwa kwenye 405. Ni kama kusikiliza mnong'ono kando ya spika ya harusi.

Hesabu yenyewe ni hii. Damu yenye hemoglobini ya gramu 140 kwa lita ina himu (sehemu ya hemoglobini yenye chuma, inayoipa damu wekundu) takriban milimola 8.7. Weka mikrolita 1 tu ya damu iliyopasuliwa chembe ndani ya mikrolita 200 na utapata mikromola 43. Kwa kisima cha sahani ya visima 96, ambamo mwanga hupita sentimita 0.6 hivi, ufyonzaji kwenye 415 unazidi 3. Maana yake, chini ya sehemu moja ya elfu ya mwanga ndiyo inayofika upande wa pili, na mashine nyingi za ELISA hapo zimeshapoteza dira. Himu hiyo hiyo kwenye nanomita 660 hufyonza kiasi kisichofika 0.01.

| Lebo | Husomwa wapi (nm) | Ndani ya damu |
|---|---|---|
| pNA | ufyonzaji 405 | juu ya kilele cha himu. Plazima safi tu |
| AMC | huwashwa 360–380, hung'aa 440–460 | himu na bilirubini hupunguza. Plazima sawa, damu nzima hapana |
| Nma na Dnp (FRET: king'aacho na kizimamwanga) | huwashwa 340, hung'aa 440–450 | kama AMC |
| Rodamini 110 | huwashwa karibu 498, hung'aa karibu 521 | himu bado ipo lakini kidogo zaidi. Damu nzima inawezekana |
| DyLight 633 na QC-1 (FRET) | karibu 635 na 660 | himu na bilirubini karibu hazionekani |
| Isotopu nzito | uzito, si mwanga | rangi haina neno. Chumvi na mafuta ndiyo maadui |

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuogopa kila plazima yenye wekundu. Plazima yenye hemoglobini ya gramu 1 kwa lita huonekana waridi kwa macho. Mikrolita 10 zake ndani ya 200 huongeza ufyonzaji wa 0.1 hadi 0.2 kwenye eneo la pNA. Ongezeko hilo halibadiliki na wakati, kwa hiyo ukisoma kasi badala ya kusoma mara moja mwishoni, linajiondoa lenyewe. Linalobaki ni kelele kidogo. Ila kwa ADAMTS13 hemoglobini huru huzuia kimeng'enya chenyewe, na hakuna hesabu ya mwanga itakayokirudisha. Sampuli iliyopasuka chembe, kwa kipimo hicho, ombwa upya.

pNA: rahisi, na huhitaji sampuli zaidi

Sifa yake ni kwamba mashine ya kuisoma tayari ipo. Karibu kila mashine ya ELISA hospitalini ina kichujio cha 405. Chambo ni cha bei ya chini kuliko vingine vyote hapa, hakichachi kwa mwanga wa chumbani kwa saa moja ya kazi, na hesabu ni ya moja kwa moja: mola moja kwa lita ya pNA huru hufyonza takriban 9,900 kwa sentimita. Huhitaji mstari wa kiwango (grafu ya viasi vinavyojulikana, ya kulinganishia) kila siku. Huhitaji pia sahani nyeusi. Ya kawaida, angavu, yenye kitako bapa inatosha.

Mpangilio wa kawaida ni plazima mikrolita 10, bafa (kimiminika kinachotuliza pH) 170, chambo 20, ili chambo kiishie kwenye milimola 0.2 hadi 0.4. Pasha bafa na sahani hadi nyuzi 37 kabla. Sahani iliyotoka kwenye meza huchukua dakika kama kumi kupata joto, na dakika hizo kumi hujitokeza kama mstari unaopinda kwenda juu. Soma kila sekunde 20 au 30 kwa dakika 10, kisha chukua sehemu iliyonyooka. Toboa mapovu kwa ncha ya sindano safi kabla ya kusoma. Povu moja lililopasuka katikati ya usomaji hutoa ngazi ambayo programu itaipiga mstari bila kuona aibu.

Udhaifu wake uko kwenye kiasi. Badiliko la ufyonzaji la 0.01 katika kisima hicho ni pNA ya mikromola 1.7. AMC huonekana bila taabu ikiwa mikromola 0.05, yaani mara thelathini na zaidi chini ya hapo. Pengo hilo utalilipa kwa plazima zaidi au kwa muda mrefu zaidi, na muda mrefu huleta uvukizi kwenye visima vya pembeni.

Jambo la pili ni fibrini, nyuzi zinazojenga bonge la damu. Ukitaka kufuata thrombini inavyozaliwa ndani ya plazima inayoganda, utando wa fibrini hutawanya mwanga na ufyonzaji wa 405 hupanda hata bila chambo. Ama uondoe fibrinojeni (malighafi ya fibrini) kwanza, ama uchote vitone kila nusu dakika na kuvizimisha ndani ya bafa yenye EDTA (inayonyang'anya kalsiamu) kabla ya kuvipima kwa S-2238. Kwa sampuli ndogo, kuchota mara ishirini ni ndoto.

AMC na ndugu yake rodamini

Ukungu wa fibrini ndio uliofanya kundi la mtafiti Hemker huko Maastricht, Uholanzi, lihamie kwenye Z-Gly-Gly-Arg-AMC. Kipimo chao cha kuzaliwa kwa thrombini huweka plazima mikrolita 80, kichocheo 20, na mchanganyiko wa chambo na kalsiamu 20. Kinaheshimika na kina sababu ya kuheshimika. Lakini hesabu visima: kila sampuli huhitaji visima viwili vya kipimo na angalau kimoja cha kiwango (chenye utendaji unaojulikana), na vyote vinakula plazima ya mgonjwa yuleyule. Hiyo ni mikrolita 240 kwa uchache. Kwa tone la kidoleni hakifai kama kilivyo. Hata ukikipunguza nusu kwenye sahani ya visima vyenye eneo dogo, na kupunguza vyote kwa uwiano mmoja, bado kinataka 120, mara tatu ya zile 40.

Kwa nini kisima cha kiwango kila mara? Kwa sababu AMC si pNA. Chambo kingi, hapo karibu milimola 0.4, humeza sehemu ya mwanga wa kuwashia, plazima ya manjano humeza sehemu nyingine, na AMC iliyokwisha kujikusanya huanza kujifunika. Mng'ao hauongezeki sawia na mkato. Kiwango kilicho ndani ya plazima ileile hupata adha ileile, na tofauti hukatana. Mstari wa AMC huru ulioandaliwa kwenye bafa tupu unapendeza kwa macho, na unadanganya. Ukilazimika kutumia mstari wa AMC, uandae kwa mikromola 0, 0.1, 0.5, 1, 5 na 10 ndani ya plazima iliyochanganywa kwa uwiano uleule wa sampuli.

Kisha kuna mtego usiohusu mwanga kabisa. Alfa-2-makroglobulini ya kwenye plazima humkamata thrombini kama samaki kwenye dema: protini kubwa haimfikii tena, lakini peptidi ndogo hupenya na kukatwa. Kwa hiyo mng'ao unaendelea kupanda hata baada ya thrombini yote huru kwisha. Usipoitoa sehemu hiyo kwa hesabu, utaripoti thrombini ambayo haiwezi kugandisha chochote. Mtego huu upo kwa pNA, kwa AMC, na kwa FRET ya MMP. Kubadili lebo hakuuondoi. (Hemker aliugeuza kuwa faida: kiwango chake ni thrombini iliyokamatwa vivyo hivyo, kwa kuwa haigandishi wala haizuiwi.)

Mambo ya mezani ni machache lakini yanauma. Chambo cha AMC huyeyushwa kwenye DMSO, mfano milimola 10, na kugawanywa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja. DMSO isizidi asilimia 1 hadi 2 kisimani. Funika kwa karatasi ya alumini. Tumia sahani nyeusi. Angalia pia kama chupa ya chambo imeanza kujikata yenyewe: kisima chenye bafa na chambo bila plazima kikianza siku kikiwa juu kuliko wiki iliyopita, mng'ao wa msingi umepanda na uwezo wa kuona utendaji mdogo umekwisha.

Rodamini 110 ni jibu kwa anayetaka damu nzima bila sentrifuji. Hapo Maastricht ilitumiwa kwa kuzaliwa kwa thrombini katika damu nzima, matone madogo yakiwa yamenyweshwa kwenye kiduara cha karatasi ya kuchujia na kufunikwa kwa mafuta ya madini. Karatasi huzisambaza chembe nyekundu ili zisishuke chini na kubadilisha mwanga njiani, na mafuta huzuia kukauka. Ni ufundi mzuri. Tahadhari: vyambo vingi vya rodamini vina peptidi mbili, kila upande moja, na mng'ao kamili huja baada ya mikato miwili. Mwanzo wa mstari utapinda hata kama kila kitu kiko sawa, kwa hiyo usitafute kasi kwenye dakika za kwanza.

FRET: ghali kwa chambo, nafuu kwa damu

Hapa peptidi hubeba vitu viwili: kinachong'aa na kizimamwanga. Vikiwa karibu, giza. Mkato ukitokea popote kati yao, vinaachana na mwanga unatoka. Kwa hiyo peptidi inaweza kuwa ndefu kadiri kimeng'enya kinavyotaka, pande zote mbili za mkato.

Mfano wenye manufaa zaidi ni FRETS-VWF73, iliyochapishwa na Kokame na wenzake wa Japani mwaka 2005. Ni ile peptidi ya asidi amino 73, yenye Nma upande mmoja wa mkato na Dnp upande wa pili. Utaratibu wake:

Bafa ni Bis-Tris milimola 5, kloridi ya kalsiamu milimola 25, Tween-20 asilimia 0.005, pH 6.0. Usiongeze chumvi ya kawaida kwa mazoea ya maabara, kwa sababu kloridi humpunguza ADAMTS13 kasi. (Kwa ACE ni kinyume: bila kloridi haifanyi kazi vizuri. Bafa moja ya kupimia vyote viwili haipo.) Tween si pambo, peptidi ndefu hunata kwenye plastiki, na bila sabuni hiyo mikromola ulizoandika kwenye daftari sizo zilizomo kisimani.

Weka plazima ya sitrati (damu iliyozuiwa kuganda kwa sitrati) mikrolita 4 na bafa 96 kwenye sahani nyeusi. Ongeza chambo mikrolita 100 cha mikromola 4, kiishie mikromola 2. Soma kila dakika 5 kwa saa moja kwenye nyuzi 30, ukiwasha kwa 340 na kusoma kwa 450. Kasi ya mstari ndiyo jibu.

Mstari wa kiwango hutengenezwa kwa plazima ya watu wengi wazima iliyochanganywa, ikiitwa asilimia 100. Izimulie kwa plazima iliyouawa kimeng'enya kwa nyuzi 56 dakika 30 kisha ikazungushwa na kuondolewa mashapo. Usiizimulie kwa bafa tupu, ili kila kisima kiwe na rangi na protini sawa. Na usijaribu kupima mikrolita 0.4 kwa pipeti ili kupata asilimia 10: changanya 10 na 90 pembeni, halafu chukua 4 kama kawaida. Weka viwango vingi chini ya asilimia 20, kwani uamuzi wa daktari uko pale. Mstari wenye 100, 50, 25 na 0 hauna la kusema kuhusu tofauti ya 6 na 12.

Kwa visima viwili mgonjwa ametumia mikrolita 8. Kwenye zile 40 bado unabaki na za kuchanganya nusu kwa nusu na plazima ya kawaida ili kuona kama kuna kingamwili inayozuia. Hakuna kipimo kingine cha mwanga hapa kinachokupa uhuru huo.

Kinachoharibu ni bilirubini, ambayo wagonjwa wa TTP huwa nayo kwa sababu chembe zao zinapasuka. Ikizidi mikromola 100 kwa lita, humeza mwanga wa Nma na matokeo huonekana ya chini kuliko ukweli. Njia ya kuishika ni kuongeza kiasi kinachojulikana cha kipande chenye Nma huru kwenye plazima hiyo, kisha uone kinang'aa kiasi gani kulinganisha na plazima safi. Kikipungua, matokeo nayo yamepunguzwa. Toleo la rangi nyekundu, FRETS-rVWF71 la mwaka 2013, lilibuniwa kukwepa jambo hilo kwa DyLight 633 na QC-1. Kama mashine yako inasoma eneo la 635 hadi 660 na unaweza kukipata chambo hicho, kichague bila kusita. Nyingi za mashine za bei ya kati zina vichujio vya AMC pekee, kwa hiyo soma orodha ya vichujio kabla ya kusoma bei ya chambo.

Kwa ACE kuna Abz-Phe-Arg-Lys(Dnp)-Pro, inayowashwa kwa 320 na kung'aa kwa 420, pamoja na ile ya zamani FAPGG ambayo ufyonzaji wake hushuka kwenye 340. FAPGG hutosha kwa seramu ya mtu mzima anayechunguzwa sarkoidosi (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe, mara nyingi mapafuni). FRET ni ya sampuli ndogo. Kwa zote mbili, kisima cha pili chenye kaptoprili au lisinoprili (vizuizi vya ACE) ndicho kinachosema ni sehemu gani ya mkato iliyofanywa na ACE kweli. Uliza pia dawa za mgonjwa: anayetumia dawa hizo za shinikizo la damu atatoa jibu la chini ambalo si ugonjwa.

Spektrometa ya masi

Hapa rangi haina nafasi. Chambo hakina lebo ya mwanga. Lebo iko kwenye kiwango, ambacho ni kipande kilekile kinachozalishwa na mkato, kilichotengenezwa kwa kaboni-13 na naitrojeni-15. Arginini nzito huongeza uzito wa daltoni 10, laisini nzito 8. Mashine huona vilele viwili, na uwiano wao ndio jibu.

Plazima mikrolita 1 au 2 inatosha, ndani ya mchanganyiko wa 50 wenye chambo cha mikromola 20 hadi 50. Kwenye dakika 0, 15, 30 na 60 chota 10, utie kwenye 40 za asidi fomiki asilimia 1 zenye kiwango kizito tayari. Safisha kwa ncha ya C18 (ncha ya pipeti inayonasa peptidi na kuacha chumvi). Kwa MALDI (aina ya spektrometa ya masi inayorusha sampuli kwa leza), tone la mikrolita 1 pamoja na matriksi ya CHCA (unga unaomeza mwanga wa leza). Usisome kilele cha kipande peke yake bila kile kizito: tone moja la MALDI hutofautiana na jirani yake kwa kiasi kikubwa hata ukilitengeneza kwa mkono uleule.

Adui ni peptidase nyingine za damu. Zinatafuna ncha za kipande baada ya mkato wa kimeng'enya chako, na kipande unachokitafuta hupotea huku kikizaa vifupi vyake. Kasi huonekana kushuka baada ya dakika 15 na unadhani kimeng'enya kimechoka. Funga ncha: asetili mwanzoni, amidi mwishoni, au asidi amino za aina ya D mahali ambapo kimeng'enya chako hakijali. Kama hilo haliwezekani, jumlisha vipande vyote vinavyotokana na mkato mmoja. Faida kubwa ni kwamba vyambo vitano vya vimeng'enya vitano vinaweza kukaa kwenye mikrolita hizo hizo 2, mradi uzito wao haugongani.

Mashine za aina hii ni chache Afrika Mashariki, na foleni zake ni ndefu. Lakini mkato unaweza kufanyika kwako na vipande, vikiwa vimetiwa asidi, kiwango kizito, na kukaushwa, vikasafirishwa. Hilo ni salama kuliko kusafirisha kimeng'enya kikiwa hai.

Kichupa cha kukusanyia na kadi ya damu

EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau inayopatikana kila kliniki, hunyang'anya zinki na kalsiamu. ADAMTS13, ACE na MMP hufa humo, na kurudisha kalsiamu baadaye hakumrudishi ADAMTS13. Heparini huamsha antithrombini na kumaliza thrombini na Xa. Sitrati ndiyo ya ADAMTS13 na kuganda. Kwa kapilari, mikrolita 10 za sitrati ya asilimia 3.2 kwa 90 za damu, zikiwa zimewekwa kwanza. ACE inakubali seramu au heparini. Futa tone la kwanza, usikamue kidole: kukamua hupasua chembe na kuingiza maji ya tishu yanayoanzisha kuganda. Kwa TTP, chukua sampuli kabla mgonjwa hajapewa plazima ya mtu mwingine, la sivyo utapima kimeng'enya cha mchangiaji.

Kadi ya damu iliyokaushwa inajulikana sana Tanzania na Kenya kwa kupima VVU kwa watoto wachanga, na ujuzi huo husaidia nusu tu. Asidi nukleiki huvumilia kadi iliyokauka polepole kwenye unyevu wa pwani, kimeng'enya hakivumilii. Ikauke ikiwa imelala, mbali na jua, angalau saa 4, kisha iingie kwenye mfuko wenye silika na kadi ya kuonyesha unyevu. Kiduara cha milimita 3 kina damu ya mikrolita 3 hivi, na himu yote imo.

Mfano unaofanikiwa hata hivyo ni TPP1, kimeng'enya ambacho upungufu wake huleta ugonjwa wa CLN2 (unaoharibu ubongo) kwa watoto, na ambao tangu 2017 una tiba ya kimeng'enya mbadala. Chambo ni Ala-Ala-Phe-AMC. Himu ipo, lakini TPP1 hupimwa kwenye pH ya karibu 4, ambako aminopeptidase nyingi ambazo zingekikata chambo hicho hicho hunyamaza, na saa kadhaa za kuatamia hufidia mwanga unaopotea. Mstari wa AMC lazima uandaliwe na kiduara cha kadi ndani yake. Na kila kadi ipimwe kimeng'enya cha pili, mara nyingi PPT1, kutoka tone hilo hilo: TPP1 ikiwa chini huku PPT1 iko sawa, kuna la kumwambia daktari. Zote mbili zikiwa chini, kadi ilifia njiani, na mtoto achomwe tena.